Vilele vitano tulivyopanga, na mandazi yaliyorudi chini

Usiku wa Ijumaa mke wangu alikaanga mandazi ishirini na manne, akayafunga katika mifuko mitatu ya karatasi, manane kwa kila mtu. Nayataja mapema kwa sababu, kila nikiikumbuka wikiendi ile ya tarehe 23 na 24 Septemba 2023, naona kwamba habari yote niliyoihitaji kuhusu hali yetu mlimani ilikuwa ndani ya mifuko ile, nami sikuisoma. Nilikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa nahesabu vilele.

Tulikuwa watatu. Mimi ni mzaliwa wa Marangu, chini ya Kilimanjaro, na sasa naishi Aurora, mji unaopakana na Denver katika jimbo la Colorado, nchini Marekani. Wa pili alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtoto wa Tanga aliyezoea bahari na ambaye hata leo husema kwamba baridi ni ugonjwa. Wa tatu alikuwa rafiki yetu kutoka Goma, ambaye tunafanya naye zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo. Ndiye aliyekuwa kijana zaidi kati yetu, mcheza mpira, mwenye kifua cha kupandisha ngazi mbio, na ndiye pekee aliyekwisha kufika juu ya Nyiragongo, volkano ya mita 3,470 iliyo nyuma ya mji wao. Iwapo mtu angeniuliza siku ile nani atatusumbua, ningemtaja shemeji bila kufikiri.

Mpango ulikuwa wangu, na kwenye karatasi ulipendeza. Jumamosi tungepanda Mlima Sherman. Jumapili tungeuzunguka mduara mmoja unaoanzia kwenye ziwa dogo liitwalo Kite Lake na kupita vilele vinne mfululizo: Democrat, Cameron, Lincoln na Bross. Jumla ni vilele vitano kwa siku mbili, na kila kimoja kina zaidi ya futi 14,000, yaani mita 4,267.

Asiyeishi Colorado anaweza kushangaa kwa nini tarakimu hiyo ina uzito kiasi hicho. Wamarekani hupima milima kwa futi, na kilele kinachovuka futi 14,000 hupewa heshima ya pekee. Watu huviweka kwenye orodha, hutia alama ya vema kila wanapofika kimoja, na kazini Jumatatu swali huwa si mlima ulikuwaje bali umeshafikisha vingapi. Hata orodha zenyewe hazikubaliani. Ipo yenye vilele 58, na ipo yenye 53, kwa sababu wako wanaofuata kanuni kwamba kilele hakihesabiwi peke yake mpaka kiwe kimeinuka angalau futi 300, kama mita 91, juu ya sehemu ya chini inayokiunganisha na jirani yake aliye mrefu zaidi. Kwa kanuni hiyo Cameron hakimo. Ni kirefu kuliko Democrat, ni kirefu kuliko Bross, lakini kutoka kwenye mbonyeo unaokiunganisha na Lincoln hakiinuki hata mita 50, kwa hiyo wenye kanuni wanakiona kuwa bega la Lincoln tu. Shemeji alipoelezwa hayo garini alikasirika kana kwamba amepunjwa mshahara.

“Miguu itakayopanda si ni ileile?” aliuliza. “Basi mimi nakihesabu.”

Nami nilikihesabu. Ile sehemu ya chini iliyo kati ya vilele viwili nitaiita shingo, kwa kuwa nitaitaja mara nyingi, na kwa kuwa ndiyo iliyonifunza zaidi kuliko kilele chochote.

Tuliondoka Aurora Jumamosi saa kumi alfajiri. Barabara ya 285 inapanda taratibu kuelekea kusini-magharibi, na kulipopambazuka tulikuwa kwenye kipito cha Kenosha, mita 3,048 kutoka usawa wa bahari, ambako watu husafiri kutoka mbali kuitazama miti ya aspeni ikigeuka rangi. Huku wanayaita majira ya kupukutika kwa majani. Neno letu la vuli sipendi kulitumia hapa, kwa sababu kwangu vuli ni mvua na harufu ya udongo uliolimwa, na pale hapakuwa na tone la mvua. Kulikuwa na mlima mzima wa manjano. Kitu kimoja kilinishangaza: miti haikugeuka mmojammoja bali kwa mafungu, fungu hili la dhahabu kabisa, lile la pili bado kijani, na mpaka kati yao ni kama umekatwa kwa panga. Sababu yake ni kwamba aspeni huchipua kutoka kwenye mizizi, kwa hiyo kundi kubwa la miti laweza kuwa mti mmoja chini ya ardhi. Nilimweleza shemeji kwamba ni kama shina la migomba nyumbani, watoto wengi na mama mmoja, naye akasema kwamba kumbe Wachagga wamefika mpaka huku.

Juu ya Sherman sina mengi. Njia inaanza takriban mita 3,660 na kupita katikati ya mabaki ya migodi, mabanda ya mbao yaliyolalia upande na mashimo yaliyozungushiwa ilani, kisha inafuata mgongo mwembamba wa mawe hadi kilele cha mita 4,278. Kwenda na kurudi ni kama kilomita nane na nusu. Upepo ulikuwa mkali kwenye mgongo, tukatembea tumeinama kama watu wanaotafuta sindano, na saa tano asubuhi tukawa juu, tukapiga picha tatu na kushuka. Kimoja. Nilimlia shemeji mandazi mawili kwa sababu yangu yalikuwa yamebaki machache, naye hakujali. Rafiki yetu wa Goma alikula moja na nusu, akafunga mfuko wake vizuri.

Usiku tulilala Fairplay, mji mdogo wa mita 3,033, katika chumba kimoja chenye vitanda viwili na godoro la ziada. Chakula cha jioni rafiki yetu alikisogeza pembeni. Alisema ni uchovu, na uchovu ulikuwa na sababu: alikuwa ametoka zamu asubuhi ya Ijumaa na mchana ule hakulala ipasavyo, kwa kuwa alikuwa na shughuli za karatasi za mdogo wake anayesubiri kuja. Nilikubali jibu hilo haraka sana. Sasa naelewa kwamba nililikubali kwa sababu lilikuwa na faida kwangu.

Saa tatu usiku nilimpigia baba simu. Tofauti ya saa kati ya Colorado na Tanzania wakati ule wa mwaka ni tisa, kwa hiyo Marangu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili na mzee alikuwa akijiandaa kwenda kanisani.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Mmeshuka?”

Hapo inabidi nieleze baba yangu ni nani mbele ya mlima. Alikuwa mpagazi wa njia ya Marangu kwa miaka kumi na minane, mmoja wa wale wanaojiita wagumu. Alibeba mizigo ya wageni kutoka getini hadi Mandara kwenye mita 2,720, kesho yake hadi Horombo kwenye mita 3,720, kisha hadi Kibo kwenye mita 4,720, na hapo kazi yake ilikuwa inaishia, kwa sababu usiku wa kilele wageni huondoka na waongozaji kuelekea Gilman's na Uhuru, na wapagazi hubaki kambini na mizigo. Siku hizi kuna mizani, na mpagazi hatakiwi kubeba zaidi ya kilo 20 za mgeni. Enzi zake, anasema, mizani ilikuwa shingo yako mwenyewe. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga Uhuru. Ukihesabu kwa hesabu ya Colorado, baba yangu hana kilele hata kimoja.

Lakini alikuwa na maarifa ambayo sikuyapata popote pengine. Tulipokuwa watoto alitueleza jinsi ya kumtambua mgeni anayeugua mlima kabla yeye mwenyewe hajakiri. Ukimuuliza kama yu mzima, alisema, atajibu kwamba yu mzima, maana amelipa fedha nyingi na ametoka mbali. Usimuulize. Mpe uji. Akiukataa mara moja, ngoja. Pengine hapendi uji. Akiukataa mara ya pili, nenda ukamwambie mwongozaji.

Basi usiku ule baba aliniuliza, “Wamekula?” Nami nikamjibu kwamba Sherman tumeumaliza kwa saa tano kwenda na kurudi, na kesho tunakwenda kwenye vinne. Alinyamaza kidogo. Nilidhani ni mtandao.

Kabla ya kulala tulijaza fomu kwa simu. Jambo hili liliwashangaza wenzangu kuliko urefu wa milima. Vilele vya Kite Lake, tofauti na sehemu kubwa ya milima ya Colorado ambayo ni ardhi ya serikali, viko katika eneo lililojaa hati za migodi ya zamani, na kwa hiyo wakati ule vilikuwa na wenyewe. Mwanzoni mwa mwaka ule wa 2023 njia ilikuwa imefungwa kwa sababu mwenye ardhi aliogopa kushtakiwa mtu akiumia, kisha ikafunguliwa kwa sharti kwamba kila anayepanda atie saini kwamba anazijua hatari, yakiwamo mashimo ya migodi, na kwamba hatatoka nje ya njia. Kilele chenyewe cha Bross kilibaki kimefungwa. Unapita ubavuni mwake tu. Rafiki yetu wa Goma alisoma fomu yote, mstari kwa mstari, kwa sauti. “Mulima iko na mwenyewe,” alisema, kisha akacheka, kisha akashika paji la uso. Niliuona mkono ule ukienda kwenye paji la uso. Nauona mpaka leo.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa Kite Lake na taa za kichwani. Ziwa liko takriban mita 3,660, karibu sawa na Horombo, na hilo lilinipa kiburi ambacho sikukiona kuwa kiburi: nilijiambia kwamba tunaanzia mahali ambapo nyumbani watu huchukua siku mbili kufika. Sikuimalizia sentensi ile. Watu wa nyumbani huchukua siku mbili kwa makusudi, na wengi huongeza siku ya tatu palepale Horombo, wakapanda kidogo mchana na kurudi kulala chini, ili mwili upate muda wa kujipanga. Sisi tulikuwa tumetoka mita 1,650 za Aurora alfajiri ya siku iliyotangulia. Kwenye urefu wa vilele vile mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 60 ya ule wa pwani, maana yake kila pumzi unayovuta inakuletea asilimia 60 hivi tu ya oksijeni ambayo ungeipata pwani, na mwili hauwezi kuzoea hali hiyo kwa usiku mmoja hata kama kifua chako ni cha mcheza mpira. Wala kuzaliwa chini ya mlima hakukupi kinga yoyote. Nalisema hili kwa ajili ya Wachagga wenzangu tunaopenda kuamini vinginevyo.

Kwenye maegesho nilimimina chai ya chupa. Shemeji alichovya andazi lake, akalimaliza kabla halijalegea. Rafiki yetu alishika kikombe kwa mikono miwili, akapasha vidole, akanirudishia kikiwa kimejaa.

“Niko bien, mukubwa,” alisema kabla sijauliza.

Mara ya kwanza.

Njia inapanda kwa zigizaga kwenye mawe yaliyovunjika hadi shingo iliyo kati ya Democrat na Cameron, takriban mita 4,080. Jua lilitukuta nusu ya njia, likaanza kwenye vilele na kuteremka kwetu polepole. Kulikuwa na theluji nyembamba kwenye vivuli, ile inayoanguka usiku na kungoja mchana iondoke, na chini ya jiwe moja mnyama mdogo mithili ya sungura asiye na mkia alikuwa akikusanya majani makavu ya kula msimu wa baridi. Wenyeji humwita paika. Alibeba mdomoni shada la nyasi refu kuliko yeye mwenyewe, akatoweka jiweni, akarudi mtupu, akatoweka tena, bila kutujali hata kidogo. Tulisimama dakika tano kumtazama. Naamini ndizo dakika pekee za asubuhi ile ambazo sikutazama saa.

Kilele cha Democrat tulikifikia saa mbili na nusu. Viwili. Tulishuka hadi shingoni saa tatu na robo, na hapo ndipo kosa langu lilipokaa.

Nataka msomaji aielewe shingo ile, kwa maana ramani haiisemi vizuri. Ukiwa pale una njia mbili. Ya kwanza inakurudisha Kite Lake moja kwa moja, mita 420 chini, kwa zigizaga ileile uliyoijia. Ya pili inapanda Cameron, na ukishaifuata umefunga mlango nyuma yako, kwa sababu kutoka Cameron hadi Lincoln hadi ubavuni mwa Bross njia yote inabaki juu ya mita 4,200, na mahali pa kushukia ni mwisho kabisa, kwenye mteremko wa changarawe ambao hata mwenye afya huushuka kwa makalio. Kwa mtu anayeumwa na mlima, dawa ya kwanza na ya uhakika ni kushuka. Mduara ule unakunyima dawa hiyo kwa saa mbili au tatu. Kwa hiyo shingo ndiyo mahali pa kuuliza maswali. Kileleni hakuna anayeuliza maswali. Kileleni watu wanapiga picha.

Tulikaa nyuma ya jiwe kujikinga na upepo. Shemeji alitoa mandazi. Nilimpa rafiki yetu mfuko wake, akaufungua, akatazama ndani kama mtu anayesoma barua yenye habari mbaya, akaufunga tena.

“Nitakula kule mbele.”

Mara ya pili. Nilikuwa nimemwona mgonjwa kwa kipimo nilichofundishwa utotoni na mtu anayejua, na kipimo kilikuwa kimetoa jibu, mara mbili, mbele ya macho yangu. Nami nikatazama juu, Cameron kikiwa mviringo na mpole kama tumbo la ng'ombe aliyelala, nikafikiri: mita 260 tu, na kutoka hapo Lincoln ni karibu. Nikamuuliza swali ambalo baba alinikataza.

“Uko sawa?”

“Niko bien.”

Tukapanda.

Cameron hakina ugumu wowote wa miguu. Ni changarawe pana ya kijivu isiyo na mti wala jani, na unaweza kupotea humo kwa kukosa cha kutazama. Rafiki yetu, aliyekuwa akiongoza siku ya kwanza, sasa alikuwa nyuma, kisha nyuma zaidi, na kila tulipomngoja alifika na kukaa bila kusema neno. Ukimya wake niliuona, ila nao niliutafsiri kwa faida yangu. Nilisema anatunza pumzi. Tulifika juu saa tano kasorobo. Shemeji alinyosha vidole vitatu mbele ya kamera. Nilipogeuka kumwita rafiki yetu kwenye picha, alikuwa amechuchumaa, akivaa glovu. Alikuwa ameshika glovu ya mkono wa kushoto na anaiingiza mkono wa kulia. Kidole gumba kilikuwa upande usio wake. Aliivuta, akaitazama, akaigeuza, akaiingiza tena vilevile. Alifanya hivyo mara tatu kwa utulivu mkubwa, kama mtu aliyepewa kazi mpya na hataki kuonekana haijui.

Nilimfuata nikapiga magoti mbele yake. Macho yake yalinifikia baada ya muda.

“Kichwa inaniuma mubaya,” alisema. “Toka jana.”

Toka jana.

Lincoln kilikuwa pale, karibu mita 4,355, kilele kirefu kuliko vyote vya safari, mwendo wa kama nusu saa tu mbele yetu. Shemeji alikitazama, akanitazama. Hakusema kitu kibaya, alisema tu, “Kile pale, shemeji.” Na hapa nina la kukiri. Kwa muda wa kama dakika moja nilipiga hesabu. Nilifikiri kwamba shemeji angebaki na mgonjwa hapa, mimi ningekwenda peke yangu haraka na kurudi, saa moja kwa jumla, na wikiendi ingekuwa na kilele chenye jina. Nilifikia hata kutazama upepo unatoka upande gani, nijue wakae upande upi wa mawe. Sikufanya hivyo, na wala sijisifu kwa kutofanya, kwa sababu kilichonizuia hakikuwa wema. Ilikuwa ile glovu. Mtu asiyejua mkono wake wa kulia hawezi kukaa saa moja kwenye upepo wa karibu nyuzi sifuri, na hilo hata mimi niliyelewa hesabu nililiona.

Nilimvalisha glovu, moja moja, kama unavyomvalisha mtoto viatu. Shemeji alichukua mkoba wake akauweka kifuani, wake mwenyewe ukiwa mgongoni. Tukageuka.

Kushuka kutoka Cameron hadi shingoni kulituchukua saa nzima. Waswahili husema kupanda mchongoma kushuka ndiyo ngoma, lakini siku ile ngoma ilikuwa na faida, kwani kila mita tuliyoipoteza ilimrudishia kitu. Mwanzoni nilimshika mkono wa juu na kuongoza kila hatua. Alitapika mara moja, maji matupu. Nilikuwa namwuliza vitu vidogo ili nisikie ulimi wake: jina la mtaa waliokaa Goma, idadi ya dada zake, timu anayoshabikia. Juu alijibu kwa neno moja. Tulipokaribia shingo alijibu kwa sentensi. Chini ya shingo alinirekebisha, kwamba nilikuwa nimelitamka vibaya jina la mtaa, na sijawahi kufurahia kurekebishwa kiasi kile.

Tulipita watu wengi wakipanda. Kijana mmoja alituuliza kwa furaha, “Vyote vinne?” Shemeji akamjibu kwa Kiingereza chake kwamba viwili na nusu. Baadaye nilimuuliza hiyo nusu ni ipi, akasema ni Cameron, maana sasa ameikubali ile kanuni.

Tangu siku ile nimerudi milimani mara nyingi, kwa kuwa sikuchukia mlima, na kuna mambo niliyoyabadili. Hatuanzi safari siku moja baada ya zamu ya usiku. Tunalala usiku wa kwanza mahali pa juu bila kupanda chochote siku hiyo. Saa ya kugeuka naitaja kwa sauti asubuhi, mbele ya wote, ili isiwe siri yangu ninayoweza kuisogeza peke yangu. Na shingoni tunakaa dakika kumi na tano, tunakula, kila mtu anakula mbele ya mwenzake, na asiyekula hatumuulizi kama yuko sawa; tunashuka naye sote. Wapo walionuna. Mwaka uliofuata tulimteremsha mtu ambaye, ilikuja kujulikana, hakuwa mgonjwa bali alikuwa amekula mayai ya kuchemsha garini kwa siri, akashiba. Alilalamika njia nzima. Niliona ni bei ndogo.

Kwa baba nilisimulia baada ya wiki mbili, maana nilikuwa na aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua jambo moja tu ambalo sikulitarajia: yule kijana ana mama? Nikamwambia ndiyo, yuko Goma. “Basi mpigie na huyo,” alisema. Nilimpigia, kwa Kiswahili chake na changu, na mazungumzo hayo ni yetu.

Kite Lake tulifika saa saba mchana. Rafiki yetu alilala kiti cha nyuma huku gari likiruka kwenye barabara ya vumbi hadi Alma, kisha tukashika lami. Sikuzungumza. Shemeji hakuzungumza. Tulipoingia Fairplay, mita 600 na zaidi chini ya ziwa, niliegesha mbele ya kituo cha mafuta ili ninunue maji, na niliporudi nilimkuta ameketi wima, nywele zimesimama upande mmoja, mfuko wa karatasi uko mapajani. Mandazi yalikuwa yamekauka na kuwa magumu kama ya wiki iliyopita. Alilichukua la kwanza akaliuma kwa meno ya pembeni, akatafuna, akanitazama kupitia kioo cha mbele, akaendelea kutafuna. Alikula matano. Kisha akauliza kama chai imebaki.